Waliotembea na Waliowaunga Mkono: Mgomo wa Mabasi wa Montgomery, 1955–1956

Mabasi ya mji wa Montgomery, katika jimbo la Alabama kusini mwa Marekani, yalikuwa na viti 36. Vile 10 vya mbele vilikuwa vya Weupe, hata pale ambapo hakuna Mweupe aliyepanda. Abiria Mweusi aliingia kwa mlango wa mbele, akamlipa dereva nauli ya senti 10, kisha akashuka tena na kuzunguka hadi mlango wa nyuma ili apande. Mara nyingine dereva aliondoa gari kabla abiria huyo hajaufikia mlango, na senti zake zikawa zimekwenda. Viti vya katikati vilikuwa vya anayewahi, lakini Mweupe mmoja akikosa pa kukaa, Weusi wanne wa safu nzima walitakiwa kusimama, kwa kuwa rangi mbili hazikuruhusiwa kukaa safu moja. Madereva wote walikuwa Weupe, na sheria ya mji iliwapa mamlaka kama ya polisi ndani ya mabasi yao. Waliotendewa hivyo ndio waliokuwa kiasi cha robo tatu ya abiria. Kampuni iliishi kwa senti zao.

Wengi wao walikuwa wanawake waliokwenda kazini katika nyumba za Weupe: wapishi, yaya, wafua nguo. Kwa hiyo ubaguzi wa Montgomery haukuwa wa watu wasiojuana. Mtoto wa Kizungu alilelewa na mikono ambayo jioni ile ile isingeweza kushika bomba la kiti cha mbele cha basi. Katika nyumba hizo kulikuwa na fadhila za namna yake. Mabaki ya chakula na nguo kuukuu vilitolewa kwa mfanyakazi, naye alitarajiwa kushukuru, ingawa desturi ilivihesabu vitu hivyo kuwa sehemu ya ujira mdogo aliolipwa. Kiswahili kina neno kwa wema unaokumbushwa mpewaji kila anapoinua kichwa: masimango. Anayetaka kuelewa maana ya kuungana mkono katika kudai haki ni lazima aanzie hapo, kwa sababu mfumo ule wa ubaguzi haukukosa wema. Ulikuwa na wema mwingi wa masimango.

Mgomo ulioanza Desemba 1955 haukuzuka kwa bahati. Baraza la Kisiasa la Wanawake lilikuwa limeanzishwa mwaka 1946 na Mary Fair Burks, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Weusi cha mji huo, Alabama State College. Mwenzake, Jo Ann Robinson, alipanda basi karibu tupu mwishoni mwa mwaka 1949 akiwa anaelekea kusherehekea Krismasi, akakaa mbele bila kufikiri. Dereva alimfokea mpaka akashuka akilia. Aibu ile hakuisahau. Mei 1954, siku chache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuharamisha utengano katika shule za umma, Robinson alimwandikia meya W. A. Gayle barua ya heshima na ya wazi: hali isipobadilika, Weusi watayasusia mabasi. Barua hiyo haikuleta mabadiliko yoyote.

Tarehe 2 Machi 1955 msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuacha kiti chake, akakokotwa na kufungwa pingu. Wazee wa jumuiya walisita kuanzisha mgomo kwa jina lake, wakiona ni mdogo mno kubeba kesi yenye uzito huo. Kusita huko kunastahili kutajwa, kwani haki ya Colvin ilichelewa kutambuliwa hata na watu wake mwenyewe. Oktoba mwaka huo huo Mary Louise Smith, mwenye miaka 18, alikamatwa kwa kosa hilo hilo. Ndipo ikafika Alhamisi ya tarehe 1 Desemba, na Rosa Parks.

Simulizi nyingi humwonyesha Parks kama mshonaji aliyechoka. Kazi yake kweli ilikuwa ya kushona na kurekebisha nguo katika duka kubwa la katikati ya mji, lakini uchovu wa miguu haukuwa sababu. Alikuwa na miaka 42, katibu wa tawi la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, na kwa miaka alikuwa ameandika maelezo ya watu waliopigwa, kudhulumiwa na kunyimwa kura. Siku hiyo alikataa kumpisha Mweupe kiti, akakamatwa. Dereva aliyemwamuru asimame, James Blake, ndiye aliyekuwa amemshusha kwenye basi lake mwaka 1943. Jioni ile Parks alitolewa mahabusu kwa dhamana ya E. D. Nixon, mhudumu wa treni na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, aliyefuatana na wanandoa Weupe wawili, wakili Clifford Durr na mkewe Virginia. Usiku huo huo Robinson aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakarudufu makumi ya maelfu ya vipeperushi vilivyowaita Weusi wasusie mabasi Jumatatu. Chuo kilikuwa cha serikali ya jimbo. Iwapo wangekutwa, kazi zao zingekwisha.

Jumatatu ya tarehe 5 Desemba mabasi yalipita karibu matupu. Parks alitozwa faini ya dola 10 na gharama za mahakama dola 4. Mchana viongozi waliunda Montgomery Improvement Association, jumuiya ya kuusimamia mgomo, wakamchagua kuwa rais mchungaji wa miaka 26 aliyekuwa mgeni kiasi mjini, Martin Luther King Jr. Usiku kanisa la Holt Street lilifurika watu hadi barabarani. Madai yao yalikuwa matatu, na leo yanashangaza kwa unyenyekevu: madereva wawe na adabu, abiria wakae kwa kuwahi, Weusi wakianzia nyuma na Weupe mbele, na Weusi waajiriwe udereva katika njia zinazopita mitaa yao. Hawakuwa wameomba utengano ufutwe. Halmashauri ya mji ilikataa hata hayo, na kukataa kwake ndiko kulikowafundisha waliogoma kwamba mfumo wenyewe hauwezi kutiwa viraka.

Swali la kila siku likawa usafiri. Mwanzoni madereva Weusi wa teksi walichukua abiria kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Mji ukawabana kwa kanuni ya nauli ya chini ya senti 45. Uongozi ukaomba ushauri kwa mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, ambako Weusi walisusia mabasi kwa siku chache mwaka 1953, kisha ukaunda mtandao wa magari ya watu binafsi yapatayo 300, yenye vituo vya kupakia na kushusha, ratiba na wasimamizi. Makanisa yalinunua magari ya familia na kuyaandika majina yao ubavuni. Polisi waliwaandama madereva kwa makosa ya barabarani, yawepo au yasiwepo. King mwenyewe alikamatwa Januari 1956 kwa madai ya kwenda maili 30 kwa saa mahali panaporuhusu 25. Kampuni za bima zilipofuta bima za magari hayo, kinga ilitafutwa ng'ambo na kupatikana katika soko la bima la Lloyd's la London.

Na bado wengi walitembea. Magari hayakutosha, na wapo waliokataa kupakiwa hata nafasi ilipokuwepo, kwa sababu kutembea kwao kulionekana na kila aliyepita barabarani. Bibi mmoja mzee, ambaye kumbukumbu za mgomo zinamwita Mama Pollard, alipoulizwa kama hachoki alijibu kwamba miguu imechoka lakini roho imepumzika. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi katika hotuba hadi limekuwa kama pambo. Linapaswa kusomwa pamoja na maili zilizotembewa, kwenda na kurudi, na mwanamke ambaye akifika kazini alisimama tena siku nzima mbele ya jiko au beseni la nguo za mwingine.

Fedha za mafuta, matairi na mishahara ya wasimamizi zilitoka mbali na karibu. Za karibu zilikuwa na harufu ya jikoni. Georgia Gilmore, mkunga na mpishi katika mkahawa mmoja wa mjini, alikuwa ameacha kupanda mabasi kwa hiari yake hata kabla ya mgomo, baada ya dereva kuchukua nauli yake na kumwacha njiani. Mgomo ulipoanza, alikusanya wanawake wenzake, wakatoa walichokuwa nacho, wakanunua kuku, unga na mayai, wakapika. Waliuza sandwichi, sahani za chakula cha mchana, keki na pai katika mikutano, kwa vinyozi, kwenye saluni na milangoni mwa nyumba. Kundi lao lilijiita Klabu ya Kutoka Popote Pasipojulikana. Jina hilo lilikuwa na kazi: mwanamke anayepika nyumbani kwa Mzungu angefukuzwa siku hiyo hiyo kama ingejulikana anachangia mgomo, na wapo wateja Weupe ambao nao hawakutaka kujulikana. Fedha zikiulizwa zimetoka wapi, jibu lilikuwa jina lenyewe, nalo lilikuwa la kweli. Upande wa pili wa mji Inez Ricks aliunda kundi lake, Klabu ya Kirafiki, na makundi hayo mawili yakashindana nani atakayeleta zaidi. Katika mikutano ya Jumatatu usiku Gilmore alitembea hadi mbele, akataja kiasi kilichopatikana wiki hiyo, na kanisa zima likasimama kumshangilia.

Makofi hayo yanafaa kuchunguzwa, maana ndiyo shukrani ya mgomo katika sura yake halisi. Walioshangiliwa wengi hawakutajwa. Aliyeoka keki alikaa kwenye benchi akiipigia makofi kazi ya mikono yake mwenyewe, na jirani yake hakujua. Hapakuwa na mtoaji juu na mpokeaji chini. Mtu mmoja alitembea asubuhi, akaoka jioni, akanunua kipande cha keki kesho yake, na senti zile zikajaza tangi la gari lililombeba mama mkwe wake. Hiyo ni kinyume kabisa cha ile sahani ya mabaki iliyotolewa kwa mlango wa jikoni. Gilmore mwenyewe alilipa gharama. Machi 1956 alitoa ushahidi katika kesi ya King, aliyeshtakiwa pamoja na makumi ya wenzake chini ya sheria ya jimbo ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara, na baada ya hapo alipoteza kazi. King alimshauri na kumsaidia aanze kupika nyumbani kwake. Jiko lake likawa mahali ambapo wachungaji, mawakili, na hata Weupe wa mji waliketi meza moja, miaka mingi kabla mikahawa ya Montgomery haijaruhusu jambo hilo.

Kwa upande wa Weupe, uungaji mkono ulikuja kwa namna tofauti, na haufai kuwekwa katika kapu moja. Kundi lililoonekana zaidi lilikuwa la akina mama wa nyumbani waliowafuata wafanyakazi wao kwa magari asubuhi na kuwarudisha jioni. Meya Gayle aliwakemea hadharani, akisema wanaurefusha mgomo. Wengi walimpuuza, kwa kuwa mbadala wake ungekuwa kufua na kupika wenyewe. Virginia Durr alisimulia baadaye jinsi pande zote mbili zilivyofichana ukweli: mwajiri akisema anamfuata mfanyakazi kwa sababu ya mvua au mafua, na mfanyakazi akiapa kwamba hana habari na mgomo, ila anakaa mbali na mabasi mpaka ghasia ziishe. Wapo waliotoa fedha kwa siri, na wapo waliojali starehe zao tu. Msaada huo ulikuwa na faida ya kweli, maana uliokoa miguu ya watu. Lakini haukumgharimu mtoaji chochote alichokipenda, na historia inatenda haki inapouita usafiri, bila kuupandisha cheo.

Robert Graetz alikuwa wa namna nyingine. Mchungaji huyu wa Kilutheri, Mweupe kutoka West Virginia, alifika mjini mwaka 1955 akiwa na miaka 27 kuhudumia usharika wa Weusi wa kanisa la Trinity, ambako kundi la vijana wa NAACP lililosimamiwa na Rosa Parks lilikuwa likikutania. Mgomo ulipotangazwa aliwahimiza waumini wake kwenye mimbari washiriki, kisha akaingia barabarani na gari lake kila asubuhi kupakia watu, chini ya ratiba iliyopangwa na wasimamizi Weusi. Alikuwa Mweupe pekee katika bodi ya jumuiya ya mgomo. Katika jambo hili la ratiba ndimo ilimo tofauti kubwa kati yake na mfadhili wa kawaida. Hakuja na mpango wake wa kuwaokoa Weusi. Aliuliza pa kwenda, akaenda. Matairi yake yalichanwa, tangi la gari likatiwa sukari, na nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu Agosti 1956 na tena Januari 1957. Yeye na mkewe Jeannie walikuwa na watoto wadogo. Baada ya mabomu, waliokuja kufagia vioo na kuwapikia walikuwa majirani Weusi. Shukrani hapo ilipita bila kuhesabiwa nani anamdai nani.

Habari ya Juliette Hampton Morgan ni ya majonzi zaidi. Alikuwa mkutubi wa maktaba ya umma, binti wa ukoo wa heshima, aliyepanda mabasi kwa sababu hofu ilimzuia kuendesha gari. Aliona kwa macho yake dereva akichukua nauli ya mwanamke Mweusi kisha akiondoa gari kabla hajafika mlango wa nyuma. Alivuta kamba ya dharura, basi likasimama, akadai mlango ufunguliwe. Hilo lilitokea kabla ya mgomo kwa miaka mingi, na alilirudia kila alipoona dhuluma ile. Tarehe 12 Desemba 1955, mgomo ukiwa na wiki moja, gazeti la Montgomery Advertiser lilichapisha barua yake iliyowafananisha watembea kwa miguu wa Montgomery na matembezi ya chumvi ya Gandhi nchini India. Alitaja jina lake. Weupe walichana kadi zao za maktaba, wakamtukana kwa simu usiku, wakarusha mawe madirishani kwake, na meya akataka afukuzwe. Wakuu wa maktaba hawakumfukuza, lakini marafiki walimkimbia, hata wanafunzi wake wa zamani. Mwaka 1957 aliandika barua nyingine, chuki ikarudi kwa nguvu, na msalaba ukachomwa moto nje ya nyumba yake. Julai mwaka huo aliacha kazi, kisha akajitoa uhai. Alikuwa na miaka 43.

Kumlinganisha Morgan na Graetz kunaonyesha jambo ambalo mazungumzo mengi kuhusu uungaji mkono huliacha. Graetz alikuwa ndani ya jumuiya: walimjua, walimtegemea, na mabomu yalipolipuka walikuwa mlangoni kwake. Morgan alisimama peke yake katikati ya watu wake mwenyewe, wasiomtaka tena, na kuta za ubaguzi zilimtenga na wale aliowatetea. Ujasiri wake haukuwa mdogo kuliko wa mwenzake. Kilichopungua ni mkono wa upande wa pili. Kiswahili husema kuunga mkono, na kuunga kunahitaji ncha mbili zinazogusana.

Mwisho wa mgomo uliletwa na mahakama, na walioipeleka kesi walikuwa wanawake. Wakili Mweusi Fred Gray, kijana wa miaka 25, akisaidiwa na Clifford Durr, ambaye wateja wake Weupe walikuwa wakimkimbia, aliifungua kesi tarehe 1 Februari 1956, siku mbili baada ya nyumba ya King kulipuliwa. Waliosimama kama walalamikaji hadi mwisho ni Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin, msichana yule ambaye wazee walikuwa wamesita kumsimamia. Mwanamke wa tano alijitoa kwa shinikizo. Tarehe 5 Juni majaji wawili kati ya watatu, Richard Rives na Frank Johnson, wote Weupe wa Alabama, waliamua kwamba utengano katika mabasi unavunja katiba. Mahakama ya Juu iliuthibitisha uamuzi huo tarehe 13 Novemba, siku ile ile ambayo mahakama ya jimbo iliyapiga marufuku magari ya mgomo. Watu wakatembea mwezi mmoja na zaidi bila magari, mpaka amri ya Mahakama ya Juu ilipofika mjini. Tarehe 21 Desemba 1956 walipanda mabasi na kukaa walipotaka. Mgomo ulikuwa umedumu siku 381.

Ushindi haukuleta utulivu. Siku chache baadaye mabasi yalifyatuliwa risasi, na mwanamke mjamzito alijeruhiwa miguu yote miwili. Tarehe 10 Januari 1957 makanisa manne yalilipuliwa pamoja na nyumba ya Graetz na ya mchungaji Ralph Abernathy. Rosa Parks, aliyepoteza kazi mwezi mmoja tu baada ya kukamatwa, alihamia Detroit na mumewe mwaka 1957 kwa kukosa riziki mjini. Mji ambamo baadaye yalijengwa makumbusho yenye jina lake ulimwacha aondoke bila ajira. Heshima ya umma huja imechelewa, na mara nyingi humwendea mtu mmoja kwa niaba ya maelfu. Maktaba kuu ya Montgomery ilipewa jina la Juliette Hampton Morgan mwaka 2005, miaka 48 baada ya kifo chake.

Georgia Gilmore aliendelea kupika. Alifariki Machi 1990, akiwa anaandaa kuku na makaroni kwa ajili ya watu waliokuwa wakiadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kudai haki ya kura, kutoka Selma hadi Montgomery. Chakula hicho kililiwa na waliokuja msibani kwake.